Wasomi na kampuni za dawa washirikiane, lakini mikataba isomwe

Kila mwezi wa Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, kliniki yangu hujaa watoto waliotoka mashambani. Walipelekwa Siaya, Busia, Kwale au Kilifi kusherehekea Krismasi na babu na nyanya zao, wakarejea Nairobi na homa ya malaria. Mara nyingi mzazi aliyeandamana nao huwa ameambukizwa pia. Baada ya damu kupimwa, mtu mzima hupewa ile pakiti ambayo karibu kila Mkenya anaifahamu: vidonge 24, humezwa vinne kwa wakati mmoja, mara sita katika siku tatu. Nami huulizwa swali lile lile. "Daktari, mbona ni vingi hivi? Nikipata nafuu kesho, ni lazima nimalize?"

Jibu fupi ni kwamba ni lazima umalize. Jibu refu ni hadithi ya watafiti wa vyuo na watafiti wa kampuni waliolazimika kufanya kazi pamoja, kila upande ukiwa na lake ambalo mwingine hana. Nimeamua kulieleza jibu hilo wiki hii kwa sababu jambo lenyewe hujadiliwa nchini kwa hasira kuliko kwa maarifa. Wapo wanaoamini kwamba profesa akionekana na watu wa kampuni ya dawa basi amenunuliwa. Wapo pia wanaodhani kampuni ikileta pesa chuoni ni baraka tupu na hakuna haja ya kuuliza maswali. Mimi nasema ushirikiano huo umeokoa maisha ya watu wengi, wakiwemo watoto wetu, na kwamba tunauhitaji zaidi hapa Kenya. Ila usiingie humo ukiwa umefumba macho.

Tuanze na pakiti yenyewe. Ndani ya kila kidonge mna dawa mbili. Ya kwanza, artemetha, huua vijidudu vya malaria kwa haraka lakini haikai mwilini kwa muda mrefu. Ya pili, lumefantrini, hufanya kazi polepole na hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa ili kumaliza vijidudu vilivyosalia. Asili ya dawa hizo ni China. Mwaka wa 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China iliwapa wanasayansi wake kazi ya kutafuta dawa ya malaria, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza askari wa upande waliouunga mkono. Mmoja wao, Bi Tu Youyou, aliongoza kazi iliyopata artemisinini kutoka kwa mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale. Alitunukiwa Tuzo la Nobel kwa kazi hiyo mwaka wa 2015. Lumefantrini nayo ilibuniwa na watafiti wa taasisi ya tiba ya jeshi mjini Beijing, na ndio waliobuni wazo la kuziunganisha dawa hizo mbili katika kidonge kimoja.

Hata hivyo, kuwa na dawa nzuri katika maabara si sawa na kuwa nayo katika zahanati ya Bondo. Ili dawa ikubaliwe na nchi nyingine ni lazima ithibitishwe kwamba kila kidonge kina kiasi kile kile, kwamba haiharibiki kwenye joto la ghala, na kwamba majaribio yamefanywa na kuandikwa kwa namna ambayo mkaguzi wa nchi yoyote anaweza kuyafuatilia ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo inachosha, inagharimu pesa nyingi sana, na haimpi mtafiti sifa wala cheo. Wachina hawakuwa na uzoefu nayo wakati huo. Kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi ilikuwa nao, na mwaka wa 1994 pande hizo mbili zilitia saini mkataba. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo iliungana na Sandoz ikawa Novartis, na dawa ikaanza kujulikana ulimwenguni kwa jina la Coartem.

Hapa ndipo swali la vidonge 24 linapopata jibu. Mwanzoni dawa hiyo ilitolewa mara nne tu, yaani vidonge 16 kwa mtu mzima. Ingalikuwa rahisi kwa kila mtu kuridhika na kipimo hicho. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Mahidol cha Thailand, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliijaribu kwenye mpaka wa Thailand, mahali ambapo malaria ilikuwa sugu kuliko kwingineko. Wakagundua kwamba kwa mara nne wagonjwa wengi mno walirudi na homa, ilhali kwa mara sita karibu wote walipona. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1999, na kipimo kikabadilishwa. Kwa hivyo msomaji, unapomeza vinne vya mwisho siku ya tatu huku ukijihisi mzima kabisa, unameza matokeo ya wasomi ambao hawakuridhika na kipimo cha kwanza. (Na vimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Lumefantrini haiingii mwilini vyema tumbo likiwa tupu. Chai ya maziwa na mandazi vyatosha.)

Hii ndiyo faida ninayoiona kubwa zaidi. Watu hufikiri chuo huleta akili na kampuni huleta pesa. Hata kampuni ina akili, tena nyingi. Chuo kinacholeta zaidi ni mtu ambaye mshahara wake hautegemei dawa hiyo kuuzwa, na ambaye anaweza kusema "hapana, kipimo hiki hakitoshi" bila kuogopa kufutwa kazi.

Mwaka wa 2006 nilikuwa daktari mwanagenzi katika hospitali moja magharibi mwa nchi. Wakati huo tulikuwa tunaiacha dawa ya SP, ambayo ilikuwa imechukua nafasi ya klorokwini mwaka wa 1998 lakini ikawa nayo imeshindwa na usugu. Sitasahau wodi ya watoto ya miezi ile ya kwanza. Mtoto alipewa SP Jumatatu, akarudishwa Alhamisi akiwa na degedege na viganja vyeupe kama karatasi kwa kupungukiwa na damu. Tulikuwa tukitafuta damu usiku kucha, na mara nyingine hatukuipata. Serikali ilikuwa imeamua mwaka wa 2004 kubadilisha dawa, na mchanganyiko mpya ulipofika wodini, tofauti ilionekana hata kwa macho ya mwanagenzi. Uliweza kufika kwa wingi kwa sababu mwaka wa 2001 kampuni hiyo ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuuza dawa hiyo kwa sekta ya umma bila kutia faida. Sidhani ilifanya hivyo kwa upole wa moyo pekee. Kulikuwa na shinikizo. Lakini ilifanya.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo akina mama walilijua kabla ya maprofesa. Vidonge vilikuwa vya watu wazima, navyo ni vichungu. Mama alikiponda kwa kijiko, akakichanganya na maji au sukari, na mtoto akakitema kifuani. Nani ajuaye alimeza kiasi gani? Novartis na shirika lisilo la faida la MMV, ambalo kazi yake ni kuunganisha wasomi na kampuni kwa ajili ya dawa za malaria, walitengeneza kidonge kitamu kinachoyeyuka katika maji. Kilijaribiwa kwa watoto 899 katika nchi tano, zikiwemo Kenya na Tanzania, na watafiti wa Afrika wakiwa mstari wa mbele. Kikapatikana kuwa sawa na kile cha kupondwa kwa uponyaji, na mwaka wa 2009 kikaanza kusambazwa. Mwezi wa Julai 2025 Uswisi iliidhinisha kingine, cha watoto wachanga wenye uzito wa kati ya kilo 2 na chini ya kilo 5. Kabla ya hapo tulikuwa tukiwakadiria watoto hao kipimo kwa kukata vidonge vya wakubwa wao, tukiomba Mungu.

Huenda ukauliza kwa nini chuo kikuu kisifanye yote peke yake. Nakujibu kwa insulini, dawa ambayo bila shaka kuna mtu katika ukoo wako anaidunga kila siku. Iligunduliwa katika Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, mwaka wa 1921, na mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari aliokolewa nayo. Muda mfupi baadaye msiba ukaingia: wagunduzi walishindwa kuitengeneza tena. Dawa iliyotoka kwenye kongosho za ng'ombe leo ilikuwa na nguvu, kesho haikuwa na kitu. Wagonjwa walikuwa mlangoni wakisubiri. Chuo kikaingia mkataba na kampuni ya Eli Lilly ya Marekani mwezi wa Mei mwaka huo, na kabla ya mwaka kwisha mkemia wa kampuni hiyo akagundua namna ya kuisafisha kwa kurekebisha kiwango cha asidi, wakaweza kuitoa kwa wingi. Wagunduzi walikiuzia chuo haki zao kwa dola 1 kila mmoja. Chuo kikabaki na usukani: Lilly ilipewa muda wa kutangulia, kisha wengine nao wakaruhusiwa kutengeneza.

Sasa tuje kwa upande wa pili, kwa maana sipendi kuuza maembe nikificha yaliyooza.

Ushirikiano hauhakikishi ushindi. Wakati SP ilipoanza kudhoofika, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzao waliofanya kazi Kilifi walitaka dawa ya bei nafuu ambayo mwananchi wa kawaida angeimudu. Wakaunganisha dawa mbili za zamani, klorproguanili na dapsoni, hiyo ya pili ikiwa ndiyo inayotumika kutibu ukoma. Kampuni ambayo leo ni GlaxoSmithKline, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Uingereza wakajiunga nao. Dawa ikaitwa Lapdap, na ikapata idhini Uingereza mwaka wa 2003. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kuna watu, wengi wao katika maeneo yenye malaria kama yetu, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao dapsoni huvunja chembe nyekundu za damu. Wataalamu kadhaa walikuwa wameonya mapema. Majaribio makubwa yaliyofuata, ya kuichanganya na dawa ya tatu, yalionyesha wazi kwamba watoto wa aina hiyo walipungukiwa na damu vibaya. Mwaka wa 2008 kampuni ilisimamisha mpango wote na kuiondoa Lapdap sokoni. Wako wanaoitaja hadithi hii kama ushahidi kwamba Mwafrika hufanywa panya wa maabara. Mimi naisoma tofauti. Dawa ilipatikana na kasoro kwa kuwa mtu aligharamia majaribio makubwa ya kutosha kuionyesha, na matokeo hayakufungiwa kwenye droo. Ninachouliza ni kwa nini onyo la mapema halikupewa uzito tangu mwanzo.

Matokeo kufungiwa kwenye droo ndiyo hatari yenyewe. Turudi Toronto, mji ule ule wa insulini. Katika miaka ya 1990, daktari Nancy Olivieri wa hospitali ya watoto ya mji huo, ambaye pia alikuwa mhadhiri wa chuo, alikuwa akiijaribu dawa ya kampuni ya Apotex kwa wagonjwa wa thalasemia. Alipoona dalili kwamba kwa baadhi yao dawa haifanyi kazi vyema, alitaka kuwaambia wagonjwa wake. Mwaka wa 1996 kampuni ilisimamisha majaribio na kumwonya kwamba itamshtaki akitoa habari hizo, kwa maana alikuwa ametia saini mkataba wenye kifungu cha kutunza siri. Aliwaambia hata hivyo, na akaingia katika vita vilivyochukua miaka mingi. Chuo ni kile kile, lakini kwa insulini kilishika usukani, na miaka sabini na zaidi baadaye kifungu kimoja kwenye karatasi kilitosha kumtisha daktari asiseme na mgonjwa wake.

Nasi tuna funzo letu. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukutana navyo mara kwa mara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Canada, walikuwa wakiwafuatilia tangu miaka ya 1980, na elimu iliyotokana nao ilisaidia kubuni chanjo ambayo Nairobi na Oxford waliijaribu. Lakini mwaka wa 2000 ilibainika kwamba maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, yalikuwa yamewasilishwa Uingereza bila watafiti wa Nairobi kutajwa. Kelele zikapigwa, mazungumzo yakafanywa. Chanjo yenyewe haikufaulu, kwa hivyo hakuna aliyetajirika. Lakini jiulize: ingefaulu, na kelele hazikupigwa, tungekuwa tunanunua kitu kilichotoka kwa damu ya dada zetu bila hata jina letu kwenye karatasi. Hapo hapakuwa na kampuni ya kulaumiwa. Ni wasomi kwa wasomi. Ndiyo maana huwa nacheka ninapoambiwa ubaya wote uko kwa wafanyabiashara.

Kwa hivyo ningetaka nini? Ningetaka vyuo vyetu viingie mikataba hii kwa wingi, na kila mkataba useme kabla ya sindano ya kwanza kudungwa kwamba mtafiti ana haki ya kuchapisha matokeo yawe mazuri au mabaya, kwamba hataza ni ya pamoja, na kwamba nchi iliyotoa wagonjwa itauziwa dawa kwa bei inayoweza kulipwa. Hilo la mwisho si ndoto. Chanjo ya malaria ya R21 ilibuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, ikajaribiwa kwa watoto wapatao 4,800 katika nchi nne, Kilifi ikiwa miongoni mwa vituo, na inatengenezwa na Serum Institute ya India, ambayo usidanganywe na jina lake, ni kampuni ya kibinafsi yenye viwanda vikubwa. Ilipopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2023, bei yake ilitajwa kuwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi. Chanjo iliyoitangulia, RTS,S, ambayo ilizinduliwa kwetu Homa Bay mwaka wa 2019, iliingia sokoni kwa zaidi ya euro 9. Elimu ya chuo ilikutana na kiwanda kinachojua kuzalisha kwa wingi, na mtoto akapunguziwa gharama.

Lakini tazama ramani ya mikataba hiyo. Oxford na India. Beijing na Uswisi. Kenya hutokea katikati kama mahali pa kujaribia. Wataalamu wa kujaribia tunao, na ni wazuri, nami nawavulia kofia. Tunachokosa ni kiwanda cha hapa kinachompigia simu mkemia wa Chiromo na kumwambia, "Profesa, kidonge chetu kinaharibika kwenye joto, njoo tukitazame." Mwaka wa 2022 kiwanda kimoja cha Kikuyu, Universal Corporation, kikisaidiwa na MMV, kilikuwa cha kwanza barani kupata kibali cha ubora cha Shirika la Afya Duniani kwa ile ile SP, ambayo bado hupewa akina mama wajawazito kuwakinga na malaria. Huo ni mwanzo. Wakati huo huo, tasnifu za wanafunzi wetu wa uzamili kuhusu dawa na mimea yetu zinakula vumbi maktabani, na wenye viwanda hawajui kwamba zipo.

Nawe msomaji unaweza kujikuta ndani ya ushirikiano huu bila kutarajia. Mwaka jana mama mmoja alinijia akiwa na fomu aliyopewa hospitalini, akitakiwa kumwingiza mwanawe katika majaribio ya dawa. Alitaka nimwambie akubali au akatae. Sikumwambia lolote kati ya hayo. Tuliketi tukaisoma fomu pamoja, kurasa zote, tukaandika maswali nyuma yake. Nani anagharamia? Kamati gani ya maadili iliidhinisha, na nambari yake ya simu ni ipi? Mtoto akidhurika, nani atamtibu na kwa muda gani? Damu itakayobaki itahifadhiwa wapi, na inaweza kutumiwa kwa kazi nyingine? Je, mwishoni ataambiwa walichokipata? Anaweza kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu ya kawaida?

Maswali hayo si ya kumkera mtafiti. Mtafiti anayejua kazi yake ana majibu tayari, na sheria inamtaka ayatoe kwa lugha unayoielewa. Ukipewa fomu ya Kiingereza na huelewi Kiingereza cha kitaalamu, iombe ya Kiswahili, maana inapaswa kuwepo. Usitie saini siku hiyo hiyo ukihisi unaharakishwa. Na ukishatia saini, dai nakala yako uende nayo nyumbani.